Kibaba cha Dakika Tatu

Jioni ya Jumanne, tarehe 10 Mei 2011, tulikuwa watu saba tumebanana mbele ya kompyuta moja katika chumba cha ghorofa ya tatu huko Koekelberg, mojawapo ya manispaa 19 zinazounda mkoa wa Brussels. Mwenye chumba alikuwa mama mmoja wa Bukavu, jirani yangu wa ngazi moja. Wengine walikuwa wanawe na jamaa zake. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu mwenye madaftari mengi na marafiki wachache, na nilialikwa kwa sababu moja tu: usiku huo Kiswahili kilikuwa kiimbwe katika shindano la Eurovision, na jirani yangu aliona si haki mwalimu wa Kiswahili aukose usiku huo peke yake chumbani.

Tulimsubiri Stella Mwangi, msanii aliyezaliwa Nairobi na kukulia Norwei. Ndiye aliyekuwa amechaguliwa kuiwakilisha Norwei mjini Düsseldorf kwa wimbo wake uitwao "Haba Haba". Alipofika kwenye kiitikio, watoto waliruka juu. Mimi, badala ya kuruka, nilisema kwa sauti ya darasani kwamba methali imekatwa: husemwa "haba na haba". Jirani yangu hakuondoa macho kwenye kioo. "Mwalimu," akaniambia, "muache mutoto aimbe kwanza. Hiyo 'na' utaitengeneza kesho."

Walicheka wote, nami nikacheka ili nisionekane nimechomwa. Baadaye ikajulikana kwamba Norwei haikuvuka nusu fainali. Ilishika nafasi ya 17 kati ya nchi 19, kwa pointi 30. Watoto walitaka kujua kwa nini hatukupiga kura. Ikabidi niwaeleze kwamba Ubelgiji ilikuwa imepangwa kupiga kura katika nusu fainali ya pili, siku mbili baadaye, kwa hiyo simu zetu zisingemfaa kitu dada yule.

Nimeibeba ile "na" kwa miaka mingi sasa. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini ukosoaji wangu wa usiku ule ulikuwa wa kijinga, na ni ukosoaji gani ambao wimbo ule ulistahili. Kwa kufanya hivyo nitagusa swali pana zaidi: tunapaswa kuuhukumu vipi wimbo wenye sura ya kimapokeo unapopandishwa kwenye jukwaa la kimataifa, mbele ya watazamaji ambao wengi wao hawaijui lugha wala ada iliyouzaa?

Tuanze na kanuni za shindano lenyewe, kwani mara nyingi tunawalaumu wasanii kwa mambo ambayo yameamuliwa kabla hawajashika kalamu. Eurovision ilianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, chini ya Muungano wa Watangazaji wa Ulaya, zikishiriki nchi saba, Ubelgiji ikiwamo. Wimbo hauruhusiwi kuzidi dakika tatu. Jukwaani hawaruhusiwi kusimama watu zaidi ya sita. Kuhusu lugha, sheria imebadilika mara kadhaa: kati ya 1966 na 1972, na tena kuanzia 1977 hadi 1998, nchi zilitakiwa kuimba kwa lugha zao. Tangu 1999 kila mmoja anaimba kwa lugha aitakayo.

Lakini kanuni iliyo na uzito zaidi kwa mjadala wetu ni nyingine, nayo husahaulika: wimbo lazima uwe mpya. Hauruhusiwi kuwa ulikwisha kutolewa kwa umma kabla ya msimu wa mashindano. Kwa Kiswahili jambo hili lina kejeli yake. Neno letu "mapokeo" linatokana na kupokea. Wimbo wa kimapokeo ni ule tuliopokea kwa waliotutangulia, ambao hauna mwenyewe kwa sababu wenyewe ni wengi. Wimbo wa namna hiyo umefungiwa mlango Eurovision tangu mwanzo. Kinachoweza kuingia ni utunzi wa jana uliovaa kanzu ya juzi. Kwa hiyo mhakiki anayesimama mlangoni na kuuliza, "Je, huu ni wa asili kweli?" anauliza swali ambalo kanuni imekwisha kulijibu. Si wa asili, wala hauwezi kuwa. Swali lenye faida ni hili: kile kilichopokewa kimepewa kazi gani ndani ya wimbo mpya?

Ubelgiji yenyewe inatupa mfano mzuri wa kuanzia. Mwaka 2003, mjini Riga, nchi hiyo iliwakilishwa na kundi la Urban Trad kwa wimbo "Sanomi", uliotungwa na Yves Barbieux. Vyombo vilikuwa vile vya ngoma za vijijini: kodiani, fidla, zumari la mfuko. Sauti za wanawake zilipandana kama katika nyimbo za kazi, ambako mmoja huanzisha na wengine humpokea. Kila alama ya mapokeo ilikuwapo isipokuwa moja, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: maneno hayakuwa ya lugha yoyote. Yalibuniwa. Haukuwahi kuimbwa wimbo wa namna hiyo katika historia ya shindano hilo. Nusura ushinde. Uturuki ilipata pointi 167, Ubelgiji 165, Urusi 164.

Aliyeishi Brussels haoni ajabu kwamba ubunifu huu ulitoka huko. Ubelgiji ina lugha rasmi tatu, Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani, na ugomvi wa mbili za kwanza umeangusha serikali zaidi ya moja. Hata kazi ya kuchagua mwakilishi wa Eurovision hupokezanwa na mashirika mawili ya utangazaji, moja la Kiholanzi na jingine la Kifaransa. Mjini Brussels kibao cha kila mtaa huandikwa mara mbili. Koekelberg ni mojawapo ya manispaa chache ambazo jina lake halibadiliki, likiwa ni lilelile kwa Mfaransa na kwa Mholanzi. Nilipokuwa nikiishi huko niliona jina hilo kama mapumziko: neno moja ambalo halikumlazimisha mtu kuchagua upande. "Sanomi" ni neno la aina hiyo. Wimbo uliiepusha nchi na ugomvi wake kwa kuzungumza lugha isiyo ya mtu.

Nausifu wimbo huo. Ni mzuri, na werevu wake ni wa kweli. Ila tuangalie gharama yake. Mapokeo yaliyomo yamebakizwa sauti tu: mwendo wa ngoma, rangi ya zumari, namna ya kupokezana. Hayana jambo la kusema, na kwa hiyo hayana wa kumuudhi. Msikilizaji wa Riga, wa Istanbul na wa Koekelberg walisimama sawa, kwa kuwa hakuna aliyeelewa. Usawa huo ni wa kupendeza, lakini ni usawa wa watu ambao hawajaambiana kitu. Si ajabu kwamba Ubelgiji ilipojaribu njia hiyo tena mwaka 2008 mjini Belgrade, kwa kundi la Ishtar na wimbo "O Julissi", nao kwa lugha ya kubuni, haikuvuka nusu fainali. Lugha isiyo ya mtu inaweza kushangaza mara moja. Mara ya pili haina watu wake wa kuitetea.

Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea usiku ule wa 2011. Nilidhani tatizo la "Haba Haba" ni kwamba Kiswahili chake hakikuwa safi. Nilikuwa nimesahau kwamba mbele ya sikio la Ulaya Kiswahili kilikuwa katika hatari nyingine, kubwa kuliko ya kukosa kiunganishi: hatari ya kusikika kama "Sanomi", yaani kama lugha ya kubuni. Kwetu maneno yale yana wazazi, yana soko na yana jikoni. Kwa wengi waliokuwa wakitazama yalikuwa ni mlio wa furaha kutoka mahali penye jua.

Hatari hii ina historia. Mwaka 1982 kundi la Them Mushrooms la Kenya lilitoa "Jambo Bwana", na mwaka uliofuata Boney M wakaurekodi kwa namna yao kwa ajili ya soko la Ulaya. Si wimbo wa kudharauliwa. Umewalisha wanamuziki wengi na umeifikisha lugha mbali. Hata hivyo Kiswahili chake ni cha mapokezi ya hoteli: kinasalimu, kinakaribisha, kinamhakikishia mgeni kwamba hakuna tatizo. Tangu hapo, Kiswahili kinapojitokeza katika muziki wa kimataifa, mara nyingi hutarajiwa kifanye kazi hiyohiyo ya kumpokea mgeni begi.

Tukiusoma "Haba Haba" kwa kuzingatia historia hiyo, jambo la kwanza la kusifiwa linaonekana wazi. Msemaji wa wimbo si mwenyeji wa hoteli, ni mjukuu. Anakumbuka utoto wake na nasaha za bibi yake, kwamba atakuwa atakacho akivumilia, na nasaha hiyo inakaa katika methali. Tumetoka kwenye salamu, tumeingia kwenye usia. Kila aliyelelewa Afrika Mashariki anakijua cheo cha bibi katika masimulizi: ndiye mwenye hadithi, ndiye mwenye vitendawili, na neno lake ni zito kwa sababu halipigi kelele. Kumleta bibi huyo Düsseldorf, na kumleta kwa methali yenye hoja ndani yake, lilikuwa tendo la ujasiri kuliko lilivyoonekana.

Hoja ya methali yenyewe ni ya kipimo. Kibaba ni robo ya pishi, kipimo cha nafaka kilichotumika pwani na bara kabla ya mizani kuenea. "Haba na haba hujaza kibaba" haisemi tu kwamba mtu avumilie. Inasema kwamba kidogo, kikirudiwa, hugeuka kuwa kiasi kinachotambulika sokoni. Ni methali ya uchumi wa mtu maskini, anayekusanya punje kwa kuwa hana gunia. Na kiini chake ni muda. Ukiuondoa muda, methali haibaki na kitu.

Basi tazama mahali ilipowekwa: katika shindano la dakika tatu, ambamo msanii asiyemkamata mtazamaji mapema amekwisha. Wimbo unasema tujaze polepole, na jukwaa linataka kibaba kimiminwe chote kwa mkupuo. Mvutano huo ungeweza kuwa moyo wa utunzi. Mtunzi angeweza kuujenga muziki wenyewe haba kwa haba, sauti moja ikiongezwa juu ya nyingine hadi kijae, na wasiojua Kiswahili wangeielewa methali kwa masikio kabla ya kutafsiriwa. Haikuwa hivyo. Kiitikio kinaingia kimejaa tayari, na kila kinaporudi kina ujazo uleule. Methali ipo kwenye maneno, haipo kwenye umbo. Hii ndiyo dosari ya kwanza niliyopaswa kuiona.

Dosari ya pili inahusu mgawanyo wa kazi kati ya lugha mbili. Beti za wimbo ni za Kiingereza, na Kiswahili kinakaa kwenye kiitikio. Kisa cha mjukuu, kumbukumbu, ndoto, hata maana ya usia, vyote vinasimuliwa kwa Kiingereza. Kiswahili kinakuja wakati wa kucheza. Kiingereza kinafikiri, Kiswahili kinatikisa mabega. Najua sababu, nayo si ya kumlaumu msanii peke yake: kiitikio ndicho kinachoshikwa upesi, na kukipa Kiswahili kiitikio ni kukipa kiti cha mbele. Lakini kiti cha mbele si lazima kiwe kiti cha msemaji.

Kwamba ingewezekana vingine, tuliona mwaka mmoja tu baadaye. Mwaka 2012 mjini Baku, Urusi iliwakilishwa na Buranovskiye Babushki, kikundi cha mabibi wa kijiji cha Buranovo wanaozungumza Kiudmurti, lugha ya jamii ndogo karibu na milima ya Urali. Wimbo wao, "Party for Everybody", nao uligawanywa kati ya lugha mbili, ila kwa mpango uliogeuzwa. Kiudmurti kilibeba kisa: nyumba inaandaliwa, unga unaumuka, watoto wanasubiriwa warudi nyumbani. Kiingereza kikapewa kiitikio, tena Kiingereza chepesi kabisa, cha kualika watu wacheze. Lugha ndogo ilisimulia na lugha kubwa ikatikisa mabega. Wakashika nafasi ya pili.

Sisemi kwamba walishika nafasi ya pili kwa sababu hiyo. Mabibi waliovaa mavazi ya kijijini na kuoka mikate jukwaani walikuwa kivutio tosha, na wapo waliowatazama kwa kicheko ambacho si cha heshima. Ninachosema ni kwamba ndani ya wimbo ule lugha ya mabibi iliachiwa kazi ya kuwaza, hata kama wengi hawakuielewa. Aliyekuwa Udmurtia usiku ule alisikia habari kutoka nyumbani kwao. Katika "Haba Haba", sisi wa Bukavu, Nairobi na Tanga tulisikia jina letu likiitwa, tukafurahi, kisha mazungumzo yakaendelea kwa lugha nyingine. Hata nafasi ya bibi inatofautiana: kule yuko jukwaani anaimba mwenyewe, huku ananukuliwa na mjukuu.

Hata hivyo, mjukuu ana haki yake. Mtoto aliyehamia Ulaya akiwa mdogo hampati bibi kila siku. Anampata kwa simu, kwa safari za nadra, kwa maneno machache yaliyobaki mdomoni. Kama Kiswahili cha wimbo ni kiitikio tu, huenda ni kwa sababu ndivyo lugha inavyokaa katika vinywa vya wengi waliokulia ughaibuni: maneno machache yenye joto kubwa, ndani ya maisha yanayoendeshwa kwa lugha nyingine. Kwa usomaji huo mgawanyo wa lugha unakuwa ushuhuda mkweli wa hali ya msemaji. Nimejaribu mara nyingi kuamua ni usomaji upi ulio sahihi. Nadhani wimbo unaruhusu yote mawili, na hilo ni kwa faida yake. Wimbo mwepesi kabisa usingeruhusu hata mmoja.

Wapo watakaosema kwamba hoja hizi zote ni za kigeni kwetu, kwa kuwa kushindanisha nyimbo ni jambo la wazungu. Historia inawakanusha. Kushindana kwa ngoma ni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 beni ilienea kutoka pwani ya Kenya hadi ndani ya Tanganyika, ikigawa miji katika pande mbili zinazopingana: Kingi na Scotchi huko Mombasa, Marini na Arinoti huko Tanganyika. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Unguja, vyama vya taarab vya wanawake vilijibizana kwa nyimbo hadi mji mzima ukashika upande. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilikuwa kimekwisha kuasisiwa huko tangu mwaka 1905.

Beni inatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba watu wetu walichukua tarumbeta, sare na vyeo vya majeshi ya Ulaya wakavitia ndani ya ngoma yao, bila kumwomba mtu cheti cha uasili. Wimbo ulihukumiwa kwa kile ulichoufanya mtaani: ulimsema nani, uliwajibu vipi wapinzani, uliwakusanya wangapi. Stella Mwangi alifanya safari hiyohiyo kwa upande wa pili. Alichukua jukwaa la Ulaya akaliwekea methali. Tukimtaka yeye athibitishe usafi wa Kiswahili chake ilhali babu zetu hatuwataki wathibitishe usafi wa tarumbeta zao, tunapima kwa pishi mbili.

La pili ni kuhusu muda. Katika mashindano yetu wimbo haukumalizika usiku mmoja. Fumbo lilitupwa leo, likatafunwa juma zima jikoni na barazani, jibu likaja mwezi ujao. Hadhira ilikuwa sehemu ya utunzi kwa sababu ilikuwa na lugha na ilikuwa na subira. Eurovision inawapa wasikilizaji dakika tatu na namba ya simu. Kwa hiyo si haki kusema kwamba "Haba Haba" ulishindwa kama wimbo kwa kuwa ulipata pointi 30. Umeendelea kuimbwa na watu ambao hawakuwa na kura usiku ule. Hesabu ya namna hiyo haionekani kwenye ubao wa matokeo.

Kuna sababu ya mahali inayonifanya nisiyachukulie mambo haya kama burudani tu. Chumba cha jirani yangu kilikuwa mwendo mfupi kutoka Basilika ya Moyo Mtakatifu, jengo kubwa linaloitawala Koekelberg yote. Jiwe la msingi la kanisa hilo liliwekwa mwaka 1905 na Mfalme Leopold II, mwaka uleule wa kuasisiwa kwa Ikhwani Safaa, na wakati huo Kongo ilikuwa bado mali yake binafsi. Barabara kuu inayoteremka kutoka huko kuelekea katikati ya mji inaitwa kwa jina lake hadi leo. Chini yake kuna njia ya magari ya ardhini, ambayo nayo ilikuwa na jina hilo hadi mwaka 2021, ilipobadilishwa na kuitwa kwa jina la Annie Cordy, mwimbaji mpendwa wa Ubelgiji aliyezaliwa Laeken na kufariki mwaka 2020.

Wengi walifurahi: mfalme ameondoka, mwimbaji ameingia. Nami nilifurahi, kwa nusu. Kwani Annie Cordy ndiye pia aliyeimba "Cho Ka Ka O" mwaka 1985, wimbo wa mzaha unaoichezea nchi ya joto isiyo na jina, yenye minazi, mananasi na maneno yasiyo na maana. Haukukusudia ubaya, nami simhukumu marehemu kwa wimbo mmoja katika maisha marefu ya kazi. Lakini umetuonyesha kwamba nyimbo nyepesi hazipotei. Zinaingia katika kumbukumbu za mji, na waimbaji wake hufika mahali ambapo wafalme walikuwa. Mtoto mwenye asili ya Bukavu anayepita njia hiyo kila asubuhi anastahili kuwa na wimbo mwingine kichwani, ambamo sauti za kwao si kakao.

Kwa mtoto huyo "Haba Haba" ni wimbo wenye thamani, pamoja na dosari zake zote. Ulimpa lugha yake mbele ya bara zima, na ndani ya lugha hiyo kulikuwa na jambo. Nami nikiulizwa tuwadai nini watunzi watakaofuata, sitasema usafi. Nitasema waipe lugha iliyopokewa angalau ubeti mmoja wa kuwazia. Waiache isimulie, ikosee, ijibu, hata kama mtazamaji wa mbali hataelewa. Mtazamaji huyo amekwisha kuonyesha, kwa "Sanomi" na kwa mabibi wa Buranovo, kwamba anaweza kuvumilia kutoelewa. Mara nyingi ni sisi wenyewe tunaomwogopa.

Na ile "na"? Nimeirudia kwenye daftari. Kurudufisha neno ni kawaida ya Kiswahili: kidogo kidogo, pole pole, haba haba. Sarufi haikukosewa. Nilikuwa nimeiadhibu methali kwa kusemwa jinsi lugha inavyoruhusu, kwa sababu tu sikuizoea hivyo, na kwa sababu kumsahihisha mtu kulikuwa rahisi kuliko kumsikiliza.

Usiku ule, wimbo ulipokwisha, jirani yangu alikuwa ameniuliza swali ambalo sikulipa uzito. Alitaka kujua kibaba ni nini. Alikuwa ameielewa methali yote isipokuwa neno hilo. Nikamweleza habari za pishi na robo ya pishi, nikijivuna kidogo, nikijua moyoni kwamba hata mimi sijawahi kupimiwa kitu kwa kibaba tangu bibi yangu afariki. Alinisikiliza hadi mwisho, akaonyesha kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati, ambalo alilitumia kupimia mchele na maharage. "Basi ni kopo," akasema.

Niliporudi Koekelberg miaka michache iliyopita kwa shughuli za kikazi, nilimtembelea. Mtoto wake mdogo alikuwa amenizidi urefu. Alikuwa jikoni akimpimia mama yake mchele, akiimba kwa sauti ya chini wimbo niliojua mara moja, isipokuwa neno moja la mwisho alilokuwa amelibadilisha. Haba haba, aliimba, hujaza kopo. Sikusahihisha.